Sukari ya Paka wa Mama

Ugonjwa wa paka niliambiwa na sisimizi. Paka wetu alikuwa na mahali pake pa kukojolea, kwenye mchanga nyuma ya choo, na asubuhi moja nikifagia uwanja niliwakuta sisimizi wamejipanga kutoka ukutani mpaka pale, wanapishana kama watu wa mnadani. Nikasimama na fagio mkononi. Mstari kama ule nilishauona zamani, mlangoni mwa choo hicho hicho, na uliishia kwa mama yangu kulazwa hospitali, kisha kurudi nyumbani na mashine ndogo ya kupimia sukari, chupa ya insulini, na mimi nikiwa daktari wake.

Nijieleze kidogo, maana hapa Nachingwea wanaonijua wananijua kwa jambo moja tu: sitoki. Ni fundi cherehani. Nashona sare za shule barazani kwangu, wateja wananifuata, muuza mboga ananifuata, hata kinyozi nimemzoesha kuja. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko hayo yanaendelea hadi leo. Nilioa mara moja. Mke wangu alisema alidhani ameolewa na mtu, kumbe ameolewa na nyumba, akaenda zake kwa amani na mimi nikamsindikiza mpaka kizingitini. Mtaani wananiita mwali, kwa sababu huku kwetu mwali ndiye anayefungiwa ndani hadi siku ya kutolewa kwa ngoma, na mimi siku yangu haijafika. Sina kinyongo. Mwali analishwa na haulizwi anakwenda wapi.

Mama alifariki kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Miaka yote ya ugonjwa wake mimi ndiye niliyemchoma, asubuhi na jioni, na paka alikuwa shahidi. Alishajua ratiba. Akisikia nafungua mfuniko wa mtungi tulimohifadhia insulini, ndani ya mchanga uliolowana, anakuja kukaa mlangoni mwa chumba cha mama na kukunja mkia miguuni, kwa sababu baada ya sindano mama alikula, na mama akila, kipande cha samaki kilidondoka kwa bahati mbaya ile ile kila siku. Hakuwa na jina. Alikuja mwenyewe siku ya mvua akiwa mdogo, mama akasema huyu ni mgeni, na mgeni akabaki.

Baada ya mazishi, paka aliendelea kuja. Saa ya sindano ikifika anakaa pale mlangoni, anautazama mlango. Nami nilikuwa naacha cherehani, nakwenda kukaa sakafuni kando yake. Hatukuwa na la kufanya pale, tulikuwa tumezoea tu. Kwa hiyo nilipowaona wale sisimizi sikuogopa kufiwa na paka kama watu wanavyofiwa na paka. Niliogopa kwamba huyu akifa, nitabaki kumngoja mama peke yangu.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki akidhani ameitiwa kuku. Nilimwonyesha paka: anavyokunywa maji hadi bakuli linakauka, anavyokula na bado anakonda, anavyotembea nyayo za nyuma zikilala chini kama mzee aliyevaa ndara kubwa. Tukamtoboa sikio, tukachukua tone, tukatumia mashine ya mama. Ikasoma ishirini na sita. Mama mwenyewe siku aliyolazwa hakufika huko.

"Sikufichi," alisema daktari. "Ng'ombe nitamzalisha hata nikiwa nasinzia. Paka mwenye sukari nimemsoma chuoni, sijawahi kumgusa. Twende polepole. Yuniti moja asubuhi, moja jioni, akishakula. Asipokula usichome. Ikikataa kushuka unaniambia, tunaongeza kidogo kidogo."

"Ataishi?"

"Wanaishi, tena miaka. Ila wanataka mtu wa kushinda nao." Akanitazama, akautazama mkeka wangu, birika langu na redio yangu, vyote umbali wa mkono. "Wewe unashinda nyumbani?"

"Sijawahi kushinda kwingine."

"Basi umepata ugonjwa wa saizi yako."

Duka la dawa, ambako ilibidi nitoke niende mwenyewe, lilinipa taabu zaidi. Dada wa pale alichukua kalamu, akaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nikasema kumi na moja.

"Maskini, mtoto. Ana uzito gani?"

"Kilo tatu na kidogo."

Akaiweka kalamu chini. "Kaka yangu, mtoto wa miaka kumi na moja ana kilo tatu?"

"Ana na mkia," nikamwambia.

Walionisikia walicheka, na kwa muda nikajiona hodari wa maneno. Asiyecheka alikuwa mzee mmoja nyuma yangu, kofia yake mkononi. Alisema taratibu kwamba na yeye amefuata dawa hiyo hiyo, na kwamba kuna siku anaikosa. Nikatoka kwenye foleni, nikampisha atangulie. Chupa zilikuwepo siku hiyo, tukapata wote, lakini nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

Sindano nimezishika maisha yangu yote, ila shati halijawahi kuning'ata. Wiki ya kwanza mikono yangu ilichanika mpaka mteja mmoja akauliza kama nimeoa tena. Baadaye tulielewana. Nilijifunza kumpasha sikio joto kwa kitambaa nilichokichovya kwenye maji ya moto na kukikamua, hadi mshipa ule mwembamba wa pembeni ujitokeze, kisha namtoboa mara moja, na damu inakuja tone dogo kama punje ya ufuta. Mashine ikishasoma, nampa dagaa. Akishakula, nanyanyua ngozi ya shingoni kama ninavyonyanyua kitambaa kutafuta mkunjo, nachoma. Mama alikuwa akisema bismillahi kabla sijamgusa, kwa sauti ya mtu anayemtahadharisha mwizi. Paka hakusema, nikawa namsemea.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Jioni mashine ilisoma vizuri kiasi cha kunipa matumaini, lakini kila asubuhi sukari ilikuwa imepanda tena, ishirini na ngapi huko. Nilimweleza daktari, akasema tuongeze. Tukaongeza. Asubuhi ikabaki juu. Tukaongeza tena. "Huyu paka mbishi," alisema kwenye simu. Mimi nikaamini kwamba ugonjwa wake unamchachamalia anapolala, kama ulivyokuwa ukimfanya mama.

Hapa lazima nimlete mtani wangu. Ni mama wa makamo ya marehemu mama yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio wa mabua ambao umelala upande mmoja tangu nikiwa shuleni, na hapo ndipo anapopitia. Kabila lake na letu ni watani. Kwa asiyefahamu, mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe, kuondoka na kuku wako bila kuuliza, na kukuambia jambo lolote kwa uso mkavu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Siku ya mazishi ya mama alilala njiani mbele ya jeneza, akasema maiti haipiti mpaka alipwe ukili wa mikeka yote ambayo marehemu aliazima. Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Kwa miaka yangu yote ameniambia kwamba amekiuza kitanda changu, kwamba nilizaliwa na masikio ya sungura yakakatwa, kwamba mke wangu aliondoka kwa sababu ya miguu yangu. Nisingeweza kuishi jirani naye kama ningekuwa namwamini.

Siku moja alisimama kwenye ule uzio, ananitazama nikimchoma paka.

"Mwali, huyo unamtoboa mpaka awe chujio?"

"Ni dawa, mtani."

"Dawa gani inakondesha? Mwangalie, mifupa mitupu. Isingekuwa mimi angekwisha kufa. Alfajiri, wewe ukiwa umerudi kukoroma, anakuja kwangu. Nampa uji, sukari vijiko viwili, na maziwa juu."

"Na chapati humpi?"

"Chapati tunakula pamoja. Kwani hajakuambia? Ameniposa. Mahari kaleta panya, tena wawili, wanene. Tunangoja wewe tu uhame, tupate chumba."

Nilirudi kwenye cherehani bado nacheka, hadi nikaukosea mshono wa kola, nikalazimika kuufumua. Nakumbuka vizuri kwamba kola ile niliifumua huku bado nacheka.

Ufuta ulipokomaa, mtani aliondoka kwenda Kilimarondo kwenye shamba la ndugu zake. Ufuta hauvumilii, ukichelewa, maganda yanapasuka, mbegu zinamwagika ardhini na wewe unabaki na mabua. Huko wanahamia kabisa, wanalala shambani, maana kuna wanyama, na simu hazishiki mpaka upande kichuguu. Alipita kwangu kuniaga, ndoo kichwani.

"Nakuachia mume wangu. Usimnyime."

"Nimnyime nini?"

"Uji, mwali. Si nimekuambia?"

Nikamwambia awasalimie tembo, na kwamba wakimkanyaga wafanye haraka wasimtese. Akasema amesikia. Tukaagana hivyo.

Siku zilizofuata paka akatulia. Maji yakabaki kwenye bakuli. Akawa analala sana, kwenye kipande cha jua karibu na cherehani, nami nikawa napunguza mwendo wa pedali nisimwamshe. Nilisema moyoni, dawa imekubali. Nilikuwa sina uhakika kwa mashine, kwa sababu vile vijiti vya kupimia, vinavyochomekwa kwenye mashine na kutupwa, vilikuwa vimeniishia, na hapa mjini kwetu havikuwepo. Lakini alikuwa anakula dagaa wake wote, na daktari alikuwa amesema akila, choma. Nikaendelea na dozi ile ile.

Nilimpigia dada yangu, aliyeolewa Ruangwa. Akazunguka madukani, akavipata.

"Mpe dereva aniletee," nikamwambia.

"Dereva simpi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujawahi kuja kwangu tangu nihamie nyumba hii, na nina nyanya zinaharibika. Ukivitaka, njoo mwenyewe. Na uje umevaa viatu, si ndara."

Ndivyo nilivyotoka. Asubuhi nilimpa paka dagaa, akala, pengine akabakiza, sikumbuki kuangalia sana kwa sababu nilikuwa natafuta soksi. Nikamchoma. Akaenda kukaa mlangoni mwa mama kama kawaida, na mara hii sikukaa naye, gari lilikuwa linajaza.

Dada alinipokea kwa vigelegele. Aliwaita majirani zake, akawaambia mwali katolewa leo, njooni mtunze. Mwanamke mmoja akanifunga kitenge kiunoni, mwingine akanipaka unga usoni, na mimi mtu mzima mwenye mvi nikasimama uwanjani nikijifanya naona haya. Tukala ugali na kisamvu cha karanga. Shemeji alikuwa Malolo kwenye mikorosho, kwa hiyo tulikuwa mimi na dada tu, na tulizungumza kwa namna ambayo hatukuwa tumezungumza tangu msiba. Alitaka kusikia habari zote za paka. Nikamwigizia yule dada wa dawa na kalamu yake. Nikamwigizia daktari. Nikafika kwa mtani na posa ya panya wawili.

Dada alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akauliza, "Lakini uji anampa kweli?"

"Nani, yule?" nikasema. "Yule atampa uji nani?"

Tukaendelea kula. Nilikuwa na furaha siku ile. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimeshiba, vijiti viko mfuko wa shati, dada yangu ananimiminia chai nyingine, na nikawaza kwamba labda kutoka nje si jambo baya kiasi nilichokuwa nadhani.

Gari la kurudi lilichelewa kujaa. Nilipofungua mlango jua lilikuwa limeshaanza kulala. Kwa kawaida paka alikuwa ananisikia nikiwa bado uani. Sikumwona. Nikaita. Kisha nikasikia sauti ya kucha zikikwaruza sakafu, haraka haraka, kama mtu anayekimbia mahali pamoja.

Alikuwa mlangoni mwa mama, amelala ubavu. Miguu yote minne inatupa. Macho yako wazi na hayanioni, povu limelowanisha kidevu. Hali ile naijua. Mama ilimpata mara nyingi, sukari inaposhuka ghafla: anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanapotea, na mimi nakoroga maji ya sukari, namnywesha kijiko kwa kijiko hadi anaanza kunitambua na kunigombeza kwa kumlowesha. Nilikoroga. Nilimpaka kwenye fizi kwa kidole, nikapaka tena, naye akaning'ata bila kujua, sikuutoa mkono. Nikafungua vile vijiti vya Ruangwa, nikachukua tone sikioni bila hata kulipasha joto. Mashine iliandika kwamba sukari iko chini mno, haiwezi kuisoma.

Daktari alikuja mara tu nilipompigia. Alimchoma maji ya glukosi. Miguu ikaacha kutupa, na nikadhani ndiyo nafuu. Nilikuwa nimempakata. Akavuta pumzi ndefu, kama anavyovuta akijiandaa kulala, na kabla adhana ya magharibi haijaisha hakuvuta nyingine.

Daktari alikaa nami muda. Hakuwa na mzaha siku ile. "Dozi hii ameshaizoea wiki nyingi," alisema. "Lazima kuna kitu kimebadilika. Chakula kimepungua?"

"Dagaa wale wale."

"Basi sielewi." Akasimama, akaitazama mashine tena. "Sielewi kabisa."

Nilimshonea mfuko kwa kitambaa cheupe cha mashati ya shule. Sikufanya hivyo kwa dini, najua paka hana sanda. Nilifanya kwa sababu kushona ndiyo kazi pekee ninayoijua na mikono ilikuwa inataka kazi. Mshono haukunyooka. Nilimzika nyuma ya choo, nikaweka mawe mbwa wasifukue. Kesho yake saa ya sindano ilipofika niliacha cherehani, nikaenda kukaa pale mlangoni, nikaona nimekaa kama mjinga, nikaondoka. Siku iliyofuata nikaenda tena.

Mtani alirudi ufuta ulipokwisha. Nilimsikia tangu barabarani anawatukana watu wenye nyumba zao, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja anafurahi kumwona. Akaingia uwanjani kwangu, vumbi limempanda magotini, kifurushi mkononi.

"Mwali, mtoe mume wangu nje. Nimemletea samaki mkavu wa mtoni, wewe usiguse."

"Amekufa, mtani."

"Na wewe unazikwa saa ngapi? Nisije nikaoga nikakosa pilau."

"Amekufa kweli."

"Amekufa na mahari yangu?"

Akawa anacheka, anainama chini ya meza ya kukatia vitambaa, anaita kwa midomo kama watu wanavyoita paka. Nikarudia. Kadiri nilivyorudia ndivyo alivyozidi kucheka, akasema leo nimeiva, kumbe alipoondoka nilibaki nafanya mazoezi, uso mkavu namna hii hata mjomba wake hauwezi. Nilijaribu kusema kwa namna nyingine na sikuipata. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo, na ile iliyopo tulishaitumia wote kwa mizaha tangu nizaliwe. Mwisho nikafanya ambalo sijawahi kulifanya, nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya choo.

Aliyatazama mawe. Kicheko kilimwisha polepole, kama maji yanavyokwisha kwenye bomba.

"Lini?"

"Wiki ile ile uliyoondoka."

"Alikuwa anakula?"

"Dagaa wake wote."

"Na uji?"

"Uji gani?"

"Uji wangu. Uji wake wa alfajiri. Nilikuambia usimnyime."

Nilimtazama mdomoni, pembe ya kushoto, ambako mzaha wake huwa unaanza kuonekana kabla hajaumaliza. Hapakuwa na kitu.

"Mama yako alipokuwa akitetemeka," alisema, "si ulikuwa unampa maji ya sukari? Nimekuona kwa macho yangu, mara ngapi sijui. Anazinduka anakaa. Nikaona huyu naye ana ugonjwa ule ule, na wewe kumchoma unamchoma, sukari humpi. Nikasema labda umesahau, labda uchungu. Nikawa nampa mimi."

Nilikaa chini, kwenye mchanga. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, na ilikuwa rahisi, hata mtu wa kidato cha nne aliyefeli angeipata. Alfajiri yeye alikuwa anaipandisha sukari kwa uji, asubuhi mimi naikuta iko juu, naifukuza kwa dawa. Tukaongeza dawa, tukaongeza. Yeye akaenda Kilimarondo na uji wake. Mimi nikabaki na dawa yangu, ile nyingi, na paka asiye na sukari ya kuipokea. Na yote hayo alikuwa ameniambia. Aliniambia kwenye uzio, akaniambia tena ndoo ikiwa kichwani.

Alikuwa ananiangalia usoni, na sijui aliona nini, lakini alichuchumaa mbele yangu, magoti yake yakalia.

"Mwanangu," alisema. Maisha yangu yote sikuwahi kuwa mwanawe. "Ule uji ndio umemuua?"

Ningeweza kumweleza. Ningesema uji wenyewe haukumuua, ila uliniongopea, kisha ulipoondoka ndipo. Ningesema ni dawa, ni mimi, ni gari lililochelewa kujaa. Kila nilipoligeuza neno nililiona likimwingia na kukaa humo humo, naye ni mwanamke aliyemwosha mama yangu kwa mikono yake. Kwa hiyo nikamjibu kama mtani.

"Uji wako?" nikasema. "Uji wako haujawahi hata kumshibisha mtu, utamuua nani?"

Nikangoja. Mtani haruhusiwi kuliacha tusi bila kulijibu; lingine lilipaswa kuwa tayari ulimini, juu ya uji wa mama yangu au masikio yangu ya sungura. Alibaki amechuchumaa. Alikiweka kile kifurushi cha samaki mapajani, akakikunja ncha zake vizuri, akazikunja tena.

"Asante, mwanangu," alisema.

Kisha akainuka, akajikung'uta, akaondoka kwa kuzunguka mbele, njia ya wageni, wala hakupita kwenye uzio uliolala.

Siku hizi akija kwangu anapiga hodi. Anasimama nje mpaka nimjibu, akiingia ananiuliza nimeamkaje na kama kazi inakwenda. Namwambia nimeamka salama, namvutia kiti, namuuliza habari za ndugu zake wa shambani. Anasema hawajambo. Tunakaa, mimi nashona, yeye anaangalia barabara, mpaka ananiaga kwa heshima na kuondoka.